Maharage Hayana Bango: Kutoka Morogoro Hadi Uyole, Msimu wa Mbolea ya Kukuzia

Jumatatu, Morogoro

Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Nimeanzia Morogoro kwa sababu ya mbegu. Mji huu una taasisi tatu ambazo mkulima wa ekari mbili kule Njombe au Mbarali anaweza kuzeeka bila kuziona, ingawa kazi yao inamfikia: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA; Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA; na TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu, ambayo lebo yake ndiyo tunayoikwangua kwenye pakiti ili kuhakiki kama mbegu ni halali.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 ilivuka trilioni 1.2. Ni ongezeko kubwa mno, na mimi nalifurahia kwa moyo wote. Lakini fedha ikitamkwa bungeni bado haijafika shambani. Nataka kuiona kwenye ekari moja ya mtu anayelima kwa jembe la mkono, na nataka kujua imemfikia ikiwa nini: mfuko, mfereji, au mtu wa kumwelekeza.

Mchana nilipita maduka ya pembejeo karibu na soko kuu. Niliulizia mbegu ya mahindi, nikaonyeshwa rafu nzima: pakiti za kilo 2, za kilo 5, za kilo 10, aina za nyanda za juu na za ukanda wa chini, zinazokomaa mapema na zinazochelewa. Ukutani mabango ya magunzi marefu yenye punje zilizopangika vizuri. Nikaulizia mbegu ya maharage. Duka la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu kijana akanijibu kwa upole, "Maharage, kaka, nenda kwa wauza nafaka, uchague yaliyonona."

Si uzembe wa muuza duka. Hesabu ndiyo inayoamua. Mahindi chotara, yaani yanayotokana na kuchanganya aina tofauti, ukipanda tena uliyovuna, nguvu yake inashuka, kwa hiyo mkulima anarudi dukani kila msimu. Maharage hujichavusha yenyewe. Ukipata mbegu safi leo na ukaitunza, unaweza kuirudia misimu kadhaa. Kampuni inakuuzia mara moja, kisha haikuoni. Halafu kuna uzito. Ekari ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu, ekari ya maharage inataka kilo 25 hadi 30, wakati mwingine zaidi kutegemea ukubwa wa punje. Gari lililobeba mahindi ya kutosha ekari 300 likibeba maharage halitoshi ekari zaidi ya 100 au 120. Mfanyabiashara akichagua mahindi sina cha kumlaumu.

Lakini maharage ndiyo kitoweo cha shule za bweni, cha kambi za wajenzi, cha nyumba nyingi siku ambazo nyama haipo. Kama biashara haioni njia ya kumfikishia mkulima mdogo mbegu bora ya zao hilo, basi hapo ndipo mahali pa Serikali hasa. Nimelala na wazo hilo, na nitalipima njiani.

Jumanne, Mkindo

Nilitoka na basi dogo la barabara ya Dodoma. Dakawa ni eneo ambako Edward Sokoine alifariki kwa ajali Aprili 12, 1984. Mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo kikapewa jina lake. Kila ninapopita hapa nafikiri ni heshima iliyomfaa, maana alikuwa waziri mkuu aliyejali chakula cha watu. Kutoka barabara kuu nikachukua njia ya Turiani mpaka Mkindo, wilaya ya Mvomero.

Mkindo ina skimu ya umwagiliaji na kituo cha mafunzo ya wakulima kilichoanzishwa miaka ya 1990 kwa mchango wa wakulima wa Indonesia. Naona jambo hilo linastahili kukumbukwa: wakulima wa nchi nyingine, nao wengi wao wa maeneo madogo, walichangishana ili wenzao wa Tanzania wajifunze. Na ni Mkindo ambako watafiti wa SUA walikuja kufanya majaribio ya kilimo shadidi cha mpunga wakiwa na wakulima wenyewe, kwenye majaruba ya wakulima.

Mpunga wa kiangazi ulikuwa umeshavunwa na kitalu cha masika kilikuwa kinaandaliwa. Mama mmoja aliyekuwa akisawazisha tuta la kitalu alinipokea. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia, "Karibu mwanangu, ila usikanyage hapo." Kisha akanieleza kila kitu huku akiendelea na kazi.

Kilimo shadidi kilianzia Madagaska miaka ya 1980, kwa padri Mjesuti aitwaye Henri de Laulanié aliyekaa muda mrefu na wakulima akiangalia mpunga unavyochipua. Misingi yake haihitaji dawa wala mtambo wa gharama. Mche unahamishwa ukiwa mchanga, siku 8 hadi 12, wakati mkulima wa kawaida anangoja wiki tatu au nne. Unapandwa mmoja mmoja, si fungu. Nafasi ni sentimita 25 kwa 25, kwa kamba iliyotiwa alama. Na jaruba halijazwi maji muda wote: unamwagilia, unaacha udongo ukauke hadi upasuke kidogo, unamwagilia tena. Mizizi inapata hewa, mche unachipua machipukizi mengi. Mbegu inayotumika ni kama kilo 2 au 3 kwa ekari.

Nilimwuliza kilichokuwa kigumu. Hakuzungumzia maarifa. Alizungumzia vibarua. Wanaopandikiza hulipwa kwa ekari, na kupanda mche mmoja kwa kufuata kamba kunakwenda polepole, kwa hiyo msimu wa kwanza walimgomea. Wengine walimcheka kwamba anapanda unyasi. Alipandikiza robo ekari na watoto wake. Msimu uliofuata walikuwa wanawake sita wakisaidiana kwa zamu, na sasa hao hao ndio kikosi kinachotafutwa na wengine kwa malipo mazuri kuliko ya zamani.

Ugumu wa pili ni magugu. Jaruba lisilofurika maji huota magugu kwa kasi. Dawa yake ni palizi ya kusukuma, kifaa cha chuma chenye meno yanayozunguka kinachopita kati ya mistari, na mafundi wa chuma wanaweza kukitengeneza. Anayeshika jembe dogo anakaa siku kadhaa kwenye ekari moja. Anayesukuma palizi anamaliza mapema na mgongo wake unabaki salama. Ila palizi za kuazimana hazitoshi, na zote zinahitajika wiki moja.

Na ugumu wa tatu haumo mikononi mwa mkulima hata kidogo. Huwezi kumwagilia na kukausha kwa ratiba kama mfereji haukutii. Lazima banio, lango la kuingizia maji, lifungwe na kufunguliwa, lazima zamu za maji ziheshimiwe, lazima jaruba la jirani lisivujie kwako. Mtu mmoja mwenye bidii hawezi kujenga banio. Kazi hiyo ni ya Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na chama cha wamwagiliaji. Nimeona mbinu nyingi nzuri zikihubiriwa kwa mkulima kana kwamba kinachomkwamisha ni uvivu wa kujifunza, kumbe kinachomkwamisha ni lango la mfereji.

Nilipoaga nilimwuliza kwa nini hapa mbinu hii imebaki na kwingine imetoweka mradi ulipoisha. Alijibu kwamba kituo hakikuondoka. Ukikwama, unatembea pale kuuliza.

Jumatano, njiani kwenda Iringa

Siku ya barabara. Mikumi, kisha joto la Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu yaliyopangwa kando ya lami, kisha kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayoguna. Ilula nyanya kwenye matenga, kama kawaida yake.

Kuanzia hapo hadi Iringa nilihesabu mabango ya mbegu kando ya mashamba hadi nikachoka. Kila kampuni ina shamba la mfano na bango lenye jina la aina yake. Yote ni ya mahindi, machache ya mboga. Sikuona hata moja la maharage.

Alhamisi, Kilolo

Barabara ya Kilolo wakati wa mvua inataka subira. Huku juu kuna baridi, misitu ya misindano, na watu wanasalimiana "Kamwene" hata kwa mgeni wasiyemjua. ASA wana shamba la mbegu Dabaga, wilaya hii hii. Mahindi yamefika kiunoni, na ni wakati wa mbolea ya kukuzia, kwa hiyo kijiji kizima mawazo yake yako kwenye urea.

Nilikaa muda mrefu kwenye baraza la duka linalouza mbolea ya ruzuku. Utaratibu naujua lakini nilitaka kuuona. Mkulima anajiandikisha ofisi ya kijiji, anataja ukubwa wa shamba na mazao, anapata namba, na namba hiyo ndiyo anayokuja nayo dukani. Ruzuku hii ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, jijini Mbeya. Ilikuwa mwaka vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umepita shilingi 130,000. Kwa ruzuku ukauzwa 70,000, na urea vivyo hivyo. Anayesema hiyo haikuwa kazi kubwa hakuwahi kusimama dukani akiwa na fedha ya nusu mfuko.

Mzee mmoja pale barazani alikumbushia enzi za vocha, kati ya mwaka 2008 na 2014. Mpango ule ulikuwa wa ekari moja moja: mfuko wa kupandia, mfuko wa kukuzia na mbegu, Serikali ikilipia nusu ya bei kwa karatasi ya vocha na mkulima akimalizia nusu. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua majina. Mzee alisema kwake ulimsaidia, ndipo alipoonja mahindi chotara kwa mara ya kwanza na hakurudi nyuma. Lakini wapo majirani ambao nusu yao ya fedha hawakuwa nayo. Hao waliishia kuiuza vocha kwa wakala kwa shilingi chache, na mbolea ikaenda kwa mwenye uwezo.

Akaongeza jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. Kwenye vocha zile, mbolea ya kupandia ilikuwa DAP au ile ya fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa Manyara. Watu wa huku waliikataa Minjingu. Ilikuwa unga, ikipeperuka inaingia machoni, na mahindi yake hayakuwahi kuwa kijani haraka kama ya DAP. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwamba fosfeti ile huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali, kama huu wa kwao, na kwamba nguvu yake inaendelea hadi msimu wa pili. Alitikisa kichwa. Waliletewa mifuko, basi. Baadaye kiwanda kilianza kutengeneza Minjingu ya punje iliyochanganywa na naitrojeni, lakini jina lilikuwa limeshaharibika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiona ruzuku kama ubunifu. Ruzuku inashusha bei, na ni haki kuishusha. Ila haimwambii mkulima kitu chochote kuhusu udongo wake.

Alasiri nilifuatana na afisa ugani, dada mmoja kijana, bibi shamba wa kata yenye vijiji kadhaa. Ana pikipiki, moja ya maelfu zilizogawiwa kwa maofisa ugani kuanzia Aprili 2022, na sifichi furaha yangu kuiona imechakaa matope, maana ni dalili kwamba inakwenda mashambani. Alikuwa na kipima udongo. Tulikwenda kwenye shamba la mjane mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa na majani yenye rangi ya zambarau pembeni, ishara ya upungufu wa fosfora, kirutubisho kilichomo kwenye DAP, ingawa alikuwa ametia DAP ya kutosha. Kipimo kilionyesha tindikali kali. Dada alipiga magoti, akachora kwa kijiti ardhini: udongo wa namna hii una alumini na chuma vinavyoishika fosfora, mmea unabaki na njaa juu ya chakula. Unaongeza mbolea, nayo inakamatwa. Tena urea na DAP zenyewe, mwaka hadi mwaka, zinazidisha tindikali.

Tiba ni chokaa ya kilimo, na mawe yake yapo nyanda hizi hizi, kule Songwe. Tatizo ni kwamba chokaa haipimwi kwa kilo, inapimwa kwa tani. Ni mzigo mzito wa bei ndogo, na nauli inaipita bei yake. Nani atafungua duka la chokaa juu ya mlima? Ni hesabu ile ile ya maharage. Mama yule alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja: "Mwanangu, wewe utarudi lini?" Dada akataja wiki, akaandika kwenye daftari. Ningependa sana wanaopanga bajeti walisikie swali lile, kwa sababu jibu lake linahitaji mafuta ya pikipiki, na mafuta ni jambo ambalo karibu kila afisa ugani niliyewahi kuzungumza naye hulitaja kabla ya mshahara.

Jioni nilikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi. Ni msimu wake.

Ijumaa, Njombe

Ukungu hadi saa nne. Viazi viko kwenye maua, meupe kwenye mashamba mengine na ya zambarau kwenye mengine, na vilima vyote vinapendeza.

Mbegu ya viazi ina shida kubwa kuliko maharage. Ekari moja inataka kama kilo 800 hadi tani moja ya viazi vya kupanda. Kiazi kinabeba virusi na mnyauko wa bakteria ndani yake, kwa hiyo ukirudia mbegu ile ile miaka mingi, mavuno yanashuka bila wewe kujua sababu. Na desturi ya wengi ni kuuza vikubwa, kula vya kati, kupanda vidogo. Vidogo mara nyingi ndivyo vilivyotoka kwenye mashina yaliyougua.

Nilikutana na kikundi kilichofundishwa njia ambayo naiona kuwa mojawapo ya zilizo bora kabisa kwa mtu asiye na fedha ya mbegu mpya. Wakati wa maua, kama sasa, unapita shambani na vijiti. Shina lenye afya, lenye majani yasiyojikunja wala kuwa na madoa ya njano, unalichomekea kijiti. Baada ya wiki mbili unapita tena. Lililodhoofika unaling'oa kijiti. Wakati wa kuvuna unaanza na yenye vijiti, shina moja moja, na lenye viazi vichache au vilivyopinda halipiti. Hiyo ndiyo mbegu yako. Haiondoi ugonjwa wote, lakini inazuia kushuka, na gharama yake ni vijiti na macho.

Baba mmoja wa kikundi alinitembeza kwenye vijiti vyake akieleza sababu ya kila kimoja, kwa fahari ambayo ilinigusa. Alisema mwanzoni alipendelea mashina makubwa tu, hadi mkufunzi wa shamba darasa alipomwonyesha kwamba mengine ni makubwa majani matupu. Shamba darasa lao lilikutana kila wiki msimu mzima. Msimu mzima, si semina ya siku moja yenye posho na picha ya pamoja.

Pia walilalamikia lumbesa, ule ujazo wa gunia linaloshonewa kilemba juu. Sheria inaukataza, mizani ipo, na bado mnunuzi akija na lori lake ndiye anayeamua. Nikiwaza yale yote, mbegu safi, chokaa, mbinu za vijiti, naona faida yake inaweza kuishia juu ya kilemba cha gunia. Mkulima aliyeongeza mavuno akauza kwa lumbesa amemfanyia mtu mwingine kazi.

Jumamosi, Igurusi

Makambako, Igawa, Chimala, na bonde la Usangu likafunguka upande wa kulia, kijani hadi mwisho wa macho. Igurusi mashine za kukoboa zinaunguruma na chuo cha kilimo kiko hapa hapa. Watu wako majarubani wanapandikiza. Mpunga mwingi ni SARO 5, aina iliyotoka kwenye utafiti wa ndani ya nchi, inayonukia kiasi na kuzaa vizuri kuliko za kienyeji. Miaka zaidi ya 20 tangu itoke, bado watu wanaitaja kwa jina kama ndugu. Utafiti ukifika shambani hauhitaji kutetewa.

Sitarudia ya kilimo shadidi. Ila hapa kuna jambo ambalo Mkindo halionekani waziwazi. Maji ya Usangu ndiyo yanayokwenda kuwa Ruaha Mkuu, yanapita hifadhi ya Ruaha, yanaingia Mtera na Kidatu yanakofuliwa umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kwa wiki nyingi kila kiangazi ndani ya hifadhi. Mkulima wa Igurusi anayepunguza maji jarubani anamsaidia tembo, anamsaidia mwenye saluni ya umeme Dar es Salaam, na yeye mwenyewe halipwi hata senti kwa maji aliyoyaacha yapite. Atakachopata ni mavuno, kama palizi ipo na kama vibarua wamekubali. Faida ikiwa ya nchi nzima, gharama ya kujifunza isiwe ya mtu wa ekari moja na nusu peke yake. Kijana aliyenipeleka kwa bodaboda, naye analima ekari moja ya kukodi, alilisema kwa ufupi kuliko mimi: mwenye kukodi hawekezi kwenye jaruba la mtu.

Jumapili, Mbeya

Kanisani asubuhi, kisha soko. Maharage ya njano yanaongoza kwa bei, yanapakiwa kwenda Dar es Salaam. Wauzaji watatu walinihakikishia kwamba yanafaa kupandwa. Punje zilikuwa safi kwa nje. Magonjwa kama chule, yanayobebwa ndani ya mbegu, si rahisi kuyatambua kwa kuangalia lundo sokoni.

Jumatatu, Uyole

Kituo cha utafiti cha Uyole kilikuzwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Leo ni sehemu ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Hapa zimetoka mahindi ya UH 615 na UH 6303, na maharage kama Uyole 96 na Njano Uyole. Jina la kata limekuwa jina la chakula.

Nilitembezwa na mtafiti wa maharage. Nilimwuliza wanachaguaje aina ya kutoa, nikitegemea anieleze takwimu za mavuno. Alianza na sufuria. Aina inayozaa sana ikichelewa kuiva jikoni haipiti mbele ya akina mama, maana kuni ni zao na muda ni wao. Kwa hiyo wakulima hualikwa kupiga kura shambani, kisha hupikiwa na kuonja, na kura ya wanawake huandikwa peke yake. Mavuno, rangi inayotakiwa sokoni, mchuzi, muda wa kuiva. Nimeona heshima kubwa katika utaratibu huo. Mkulima anahesabiwa kuwa mtu anayejua kitu.

Tatizo linaanza aina ikishatoka. Mtafiti anazalisha mbegu mama, kiasi kidogo. Inazidishwa kuwa mbegu za msingi, kisha zilizothibitishwa zinazouzwa na lebo. Kwa mahindi mnyororo huo unakwenda kwa sababu kampuni inangoja upande wa pili. Kwa maharage upande wa pili mara nyingi hakuna mtu. Ndiyo maana sheria imeruhusu daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: wakulima wadogo wanapewa mafunzo, wanachukua mbegu ya msingi, wanaizidisha kijijini kwao, mkaguzi anakagua shamba, na wanauziana jirani bila kusafirisha mbali. Mbegu inakaa karibu na anayeihitaji, nauli haimezi bei, na unaweza kuinunua kwa kilo moja, ukajaribu pembeni mwa shamba kabla ya kuamini. Kati ya yote niliyoyaona tangu Morogoro, hili ndilo ninaloliunga mkono kwa nguvu zangu zote.

Kikundi kimoja kilikuwa kimekuja kituoni kuulizia mbegu ya msingi kwa ajili ya ekari mbili. Wanawake wengi, wanaume wachache. Walikuwa na fedha yao mkononi, wamechangishana tangu mavuno. Kitu ambacho hawakuwa na uhakika nacho ni ukaguzi. Mbegu ya kuazimiwa bila mkaguzi ni maharage ya kawaida, na mkaguzi anatakiwa shambani angalau wakati wa maua na tena kabla ya kuvuna. Ni mtu mmoja mwenye idhini, ana eneo kubwa, na safari yake lazima iwe kwenye bajeti ya mtu fulani.

Katibu wao alinionyesha barua waliyoiandikia halmashauri. Ni ya ukurasa mmoja, kwa mkono, na inaomba kitu kimoja tu: gharama ya mkaguzi kufika shambani mara mbili. Hawaombi mbegu, hawaombi mbolea, hawaombi trekta. Niliisoma nikiwa na zile trilioni kichwani. Nilimwomba ruhusa ya kuiandika hapa, akasema, "Andika kaka, labda watasoma huko."

Kipindi hiki ndicho halmashauri zinaandaa bajeti za mwaka ujao, na diwani wao amekubali kuibeba hadi kwenye kikao. Mbegu ya msingi wameipata, wamepakia kwenye bajaji. Watapanda mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo maua yatatoka katikati ya Aprili. Mkaguzi anatakiwa awe amefika wiki hiyo.